Seva Pepe ya Zamani na Ukaidi wa Vifurushi Vyake

Ghuba ya Chole iko upande wa kusini-mashariki wa Kisiwa cha Mafia. Kisiwa cha Chole kimo ndani yake, Juani kiko kandoni mwake, na Jibondo kiko kusini kidogo. Wakazi wa visiwa hivi, hasa wa Jibondo na Chole, wamejulikana kwa muda mrefu kuwa ni mafundi wa kuunda na kutengeneza vyombo vya baharini. Ubao mmoja wa mashua ukioza, fundi hakitupi chombo kizima. Hukingoja chombo kikae mchangani wakati wa maji kupwa, hutoa ubao ulioharibika, hutia mpya, kisha hukalafati nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta. Lakini ubao haukai peke yake. Umepigiliwa kwenye mataruma, na mataruma yamesimama juu ya mkuku. Fundi asiyejua ubao upi unashikilia upi aweza kung'oa mmoja na kulegeza mitano. Tena hana muda usio na mwisho, kwa kuwa maji yatarudi kwa saa yake, kazi iwe imekwisha au haijakwisha.

Kazi ya kupandisha matoleo ya programu katika kompyuta ya zamani inafanana sana na kazi hiyo. Nayo ina sehemu zinazoshikana, ina utaratibu wa nini kitangulie na nini kifuate, na ina hatari ya kuachwa nusu. Makala hii inaeleza kwa nini kazi hiyo hushindikana mara nyingi, na jinsi chanzo cha kila hitilafu kinavyoweza kutafutwa kwa njia ya kisayansi, yaani kwa kutazama, kukisia, kujaribu na kuhakiki.

SEVA PEPE NI NINI?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Huhifadhi barua, kurasa za intaneti, alama za wanafunzi au vipimo vya kisayansi, na kuvitoa vinapoombwa. Kompyuta kubwa yenye nguvu aghalabu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kwa hiyo wataalamu walibuni njia ya kuigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta nyingi, kila moja ikijiona kuwa iko peke yake. Kila sehemu ya namna hiyo huitwa seva pepe.

Fikra hii si ngeni. Kampuni ya IBM iliifanyia kazi nchini Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo ulioitwa VM/370 uliowawezesha watu wengi kutumia mtambo mmoja, kila mmoja akiwa na mashine pepe yake. Leo shule, ofisi au duka dogo laweza kukodi seva pepe iliyo katika jengo lililo mbali, hata nje ya nchi, na kuiendesha kwa njia ya intaneti pasipo kuiona kwa macho.

Ziko namna mbili kuu za seva pepe, na tofauti yake ni muhimu kwa mada hii. Namna ya kwanza humpa mpangaji mashine kamili, pamoja na kiini chake cha mfumo endeshi. Kiini ni ile programu ya ndani kabisa inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa. Mfano wake ni KVM, iliyoingizwa katika mfumo wa Linux mwaka 2007. Namna ya pili humpa mpangaji chumba tu, na vyumba vyote hutumia kiini kimoja cha mwenye nyumba. Mfano wake ni OpenVZ. Katika namna hii mpangaji aweza kubadili samani zote za chumba chake, lakini hawezi kubadili msingi wa nyumba.

KIFURUSHI, GHALA NA KUTEGEMEANA

Katika mifumo ya jamii ya Linux, programu hugawanywa kwa vifurushi. Kifurushi ni faili moja lenye programu yenyewe, maelezo ya mahali pa kuiweka, na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji. Vifurushi huwekwa katika ghala, yaani seva ya umma ambayo kompyuta za dunia nzima huchota kutoka kwake. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni miongoni mwa mifumo ya mwanzo iliyojengwa kwa utaratibu huu, na mfumo wa Ubuntu umetokana nao.

Programu inayosimamia vifurushi hufanya kazi kwa hatua nne. Kwanza husoma orodha mpya ya ghala. Pili hukokotoa: ili kifurushi A kipandishwe, B lazima kiwe cha toleo fulani au zaidi, na C lazima kiondolewe. Tatu huleta mafaili na kuhakiki muhuri wake, ili isije ikapokea kitu kilichochezewa njiani. Nne hufungua vifurushi na kuviandaa kwa matumizi. Hatua hii ya mwisho ina sehemu mbili zilizo mbali: kufungua, ambako mafaili mapya huwekwa mahali pa yale ya zamani, na kuandaa, ambako programu hupangwa na kuwashwa. Kifurushi kilichofunguliwa pasipo kuandaliwa ni kama ubao uliotiwa mahali pake lakini haujakalafatiwa. Kwa macho chombo ni kizima, lakini maji yataingia.

KWA NINI SEVA ISIACHWE KAMA ILIVYO?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa seva ya zamani inafanya kazi, ya nini kuisumbua? Jibu ni kwamba programu haiozi kama ubao, bali maarifa ya udhaifu wake huongezeka kila siku. Mwezi Aprili 2014 kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilitangazwa. Ilikuwamo katika OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi kuficha mazungumzo, na ilimwezesha mtu wa mbali kusoma sehemu za kumbukumbu ya seva, zikiwemo nywila. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani na kufunga mafaili ya kompyuta nyingi zilizotumia Windows, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza. Kiraka cha kuziba kasoro iliyotumiwa kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi wa walioumia hawakukosa dawa, walichelewa kuinywa.

Katika Tanzania jambo hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Shule yenye orodha ya wanafunzi katika seva iliyoachwa bila viraka inaweka hatarini vitu vya watu wengine.

DALILI NA VYANZO VYAKE

Hitilafu za kupandisha vifurushi huonekana nyingi, lakini nyingi kati yake huangukia katika mafungu sita.

1. Ghala limehama. Kila toleo la mfumo lina umri wake. Debian 8 lilitolewa mwaka 2015, Debian 9 mwaka 2017, 10 mwaka 2019, 11 mwaka 2021, 12 mwaka 2023 na 13 mwaka 2025. Toleo likizeeka huondolewa katika ghala la kawaida na kupelekwa katika ghala la kumbukumbu, ambalo kwa Debian ni archive.debian.org na kwa Ubuntu ni old-releases.ubuntu.com. Seva inayoendelea kubisha hodi mahali pa zamani hujibiwa kwa namba 404, maana yake ni kwamba kilichoombwa hakipo. Tiba ni kurekebisha anwani katika faili la orodha ya ghala. Lakini yafaa ieleweke kwamba ghala la kumbukumbu halipokei viraka vipya. Ni daraja la kuvukia kwenda toleo la mbele, si mahali pa kukaa.

2. Saa na vyeti. Muhuri wa ghala na vyeti vya mawasiliano yaliyofichwa vina tarehe ya mwisho. Saa ya seva ikienda kombo, cheti kilicho hai huonekana kimekufa, au hakijazaliwa bado. Pia seva ya zamani yaweza kukosa vyeti vya msingi vilivyotolewa baada yake. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kiitwacho DST Root CA X3 kilifikia mwisho. Kilikuwa kikitegemewa na tovuti nyingi zilizopata vyeti kutoka Let's Encrypt. Kompyuta mpya hazikuona tofauti, lakini baadhi ya zile za zamani, hasa zenye OpenSSL 1.0.2 au ya nyuma yake, zilianza kukataa tovuti zilizokuwa salama kabisa. Mtafutaji wa hitilafu aanze kwa amri date, kisha atazame kama kifurushi cha vyeti, ca-certificates, ni cha karibuni.

3. Diski imejaa. Seva pepe za zamani mara nyingi zilipewa diski ndogo. Vifurushi vilivyoletwa miaka iliyopita, kumbukumbu za matukio na viini vya zamani hukusanyika kama maji ya ngama. Amri df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Lakini upo ujazo wa pili usioonekana upesi: kila faili huhitaji nafasi katika daftari la mafaili, na daftari hilo hujaa hata kama diski ina nafasi, iwapo mafaili madogo ni mengi mno. Hilo huonyeshwa na df -i. Amri apt-get clean huondoa vifurushi vilivyokwisha kutumika pasipo kugusa programu zilizowekwa.

4. Kazi iliyokatika katikati. Anayeendesha seva kwa mbali hutegemea mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikadhoofika sana katika Tanzania na nchi kadhaa jirani. Aliyekuwa akipandisha vifurushi saa ile angeweza kuachwa na mfumo uliofunguliwa nusu na kuandaliwa nusu. Kinga ni kuendesha kazi ndani ya programu kama screen au tmux, ambayo huiacha kazi iendelee ndani ya seva hata mawasiliano yakikatika. Tiba ni amri dpkg --configure -a, inayomalizia maandalizi yaliyobaki, na kisha apt-get -f install, inayojaribu kuziba mapengo ya kutegemeana. Kuzima na kuwasha seva kabla ya hapo ni kosa, maana yawezekana isiamke.

5. Vifurushi vilivyofungwa na ghala za kigeni. Huenda msimamizi wa zamani alikizuia kifurushi fulani kisipandishwe, kwa sababu iliyokuwa ya maana siku zile. Au aliongeza ghala la mtu binafsi ili apate programu moja. Miaka ikipita, sababu husahauliwa lakini kizuizi hubaki. Mfumo hukokotoa na kusema kwamba vifurushi haviwezi kupatanishwa. Amri apt-mark showhold hutaja vilivyofungwa. Ghala za kigeni huzimwa kwanza, kisha mfumo wa msingi hupandishwa, na mwisho za kigeni hurudishwa moja moja ikiwa bado zinahitajika.

6. Kiini kikuukuu. Hili ndilo fundo gumu kuliko yote. Maktaba ya C, iitwayo glibc, hutegemewa na karibu kila programu katika mfumo. Toleo lake la 2.26, lililotolewa Agosti 2017, halikubali kiini cha Linux kilicho nyuma ya 3.2. Seva nyingi za OpenVZ za kizazi kilichopita zilitumia kiini cha 2.6.32, ambacho asili yake ni mwaka 2009. Mpangaji akijaribu kupandisha maktaba hiyo, mfumo hukataa na kusema kiini ni cha zamani mno. Hapa hakuna amri itakayosaidia, kwa kuwa kiini ni cha mwenye nyumba. Amri uname -r huonyesha toleo la kiini, na kuwapo kwa faili /proc/user_beancounters ni dalili kwamba seva ni ya OpenVZ. Dawa ni kuhama: kukodi seva pepe mpya yenye kiini chake, kuweka mfumo mpya, na kuhamishia humo takwimu na mipangilio.

UTARATIBU WA KAZI

Fundi wa Ghuba ya Chole huangalia mwezi kabla ya kupandisha chombo kikubwa mchangani. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya maji kupwa na maji kujaa huzidi meta 3. Wakati wa maji mafu bahari haishuki vya kutosha. Vivyo hivyo msimamizi wa seva huchagua wakati ambapo watumiaji ni wachache, umeme ni wa kutegemewa, na muda unatosha hata kazi ikiharibika. Baada ya hapo hufuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni nakala. Nakala ya takwimu huwekwa nje ya seva yenyewe, kisha hufunguliwa mahali pengine ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Ikiwa mwenye mtambo hutoa huduma ya kuhifadhi hali nzima ya diski kwa wakati mmoja, nayo itumiwe.

Hatua ya pili ni kuandika hali ilivyo: toleo la mfumo, toleo la kiini, orodha ya vifurushi, nafasi ya diski, na huduma zinazoendeshwa. Bila rekodi hii haiwezekani kujua baadaye kama kitu kimeharibika au kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya tatu ni kumaliza masasisho madogo ya toleo lililopo kabla ya kwenda toleo la mbele. Hatua ya nne ni kupanda ngazi moja moja. Utaratibu wa Debian ni kutoka 10 kwenda 11, kisha 12. Kuruka ngazi hakuungwi mkono, kwa sababu waundaji hujaribu njia baina ya matoleo yanayofuatana tu.

Hatua ya tano inahusu mafaili ya mipangilio. Mfumo ukikuta faili lililobadilishwa kwa mkono huuliza: libaki la zamani au liwekwe jipya? Kujibu kwa pupa huvunja huduma. Likibaki la zamani, lile jipya huhifadhiwa kando kwa jina lenye mwisho wa .dpkg-dist; likiwekwa jipya, la zamani huhifadhiwa kwa mwisho wa .dpkg-old. Kwa hiyo hakuna kinachopotea, mradi mtu akumbuke kuyalinganisha yote mawili.

Hatua ya sita ni sheria ya maabara: kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayejaribu tiba tano kwa pamoja, seva ikapona, hajui ipi iliyoponya. Na seva ikizidi kuugua, hajui ipi iliyodhuru. Ujumbe wa kwanza wa hitilafu ndio wa kusomwa kwa makini, kwa kuwa unaofuata aghalabu ni matokeo yake.

LIPI LIKO HATARINI?

Ichukuliwe kwa mfano shule iliyo karibu na ghuba, ambayo wanafunzi wake hupima joto la maji ya bahari kila wiki na kuweka vipimo katika seva pepe ya zamani. Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na eneo la kilometa za mraba 822. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe yakapauka na kufa katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi ya magharibi, Mafia ikiwemo. Uzito wa tukio kama hilo hujulikana kwa kulilinganisha na vipimo vya miaka ya kabla yake na ya baada yake. Programu iliyopotea huletwa tena kutoka ghalani kwa dakika chache. Joto la maji ya Jumatatu fulani ya mwaka uliopita haliwezi kupimwa tena na mtu yeyote.

Kutokana na hayo, mpangilio wa thamani ndani ya seva ni dhahiri. Vifurushi ni vya kubadilishwa, mfumo endeshi ni wa kubadilishwa, na mashine yenyewe ni ya kubadilishwa. Takwimu ndizo zisizo na mbadala. Msimamizi anayelikumbuka hilo hatasita kuiacha seva kuukuu na kuhamia mpya pale ukarabati unapogharimu kuliko kuhama. Na hataona haya kuisimamisha kazi saa ya kwanza, akarudisha nakala, na kungoja siku nyingine yenye nafasi.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kifurushi A kinahitaji B cha toleo la 2 au zaidi, na kifurushi D kinahitaji B cha toleo la 1 tu. Eleza kwa nini A na D haviwezi kuwekwa pamoja, na utaje njia mbili za kutatua ugomvi huo.

2. Seva ina nafasi ya gigabaiti 3 katika diski, hata hivyo inakataa kuandika faili jipya kwa madai kwamba hakuna nafasi. Taja chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli na amri ya kukithibitisha.

3. Seva mbili zina mfumo wa toleo moja. Moja imepandishwa toleo bila shida, nyingine imekataa kwa sababu ya kiini. Ni swali gani la kwanza litakaloulizwa kuhusu seva ya pili?

4. Chora jedwali lenye safu nne: dalili, kisio, jaribio, matokeo. Lijaze kwa hitilafu yoyote ya kompyuta iliyotokea shuleni, kisha ulijadili pamoja na mwalimu na wenzako.